Ukienda kwa Waelfi: mwongozo kwa mgeni mwenye siku za kuhesabika

Kabla hujafunga mizigo, hakikisha unakwenda kwa Waelfi wenyewe. Wapo wale wafupi wa kadi za Krismasi, wenye kofia ndefu na karakana ya vitu vya kuchezea, na wapo wenye mbawa za kipepeo wanaolala ndani ya maua. Hao waache. Mwongozo huu ni wa safari ya kwenda kwa Waelfi wa Dunia ya Kati, ulimwengu uliobuniwa na J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Tolkien hakuwapenda kabisa wale wa maua. Katika mhadhara wake wa mwaka 1939 huko St Andrews, Scotland, aliwataja washairi Shakespeare na Drayton miongoni mwa waliochangia kuwapunguza viumbe hao hadi wakaenea kwenye ua. Wa kwake ni warefu, wazuri wa sura, hodari wa vita na wa nyimbo, na aliandika hadithi ya kuanguka kwa mji wao wa Gondolin akiwa bado mgonjwa, baada ya kurudishwa kutoka vita vya Somme mwaka 1916. Ukijua walikotoka, utaelewa kwa nini wana huzuni nyingi hivyo.

Usifike ukiyakodolea macho masikio yao. Katika The Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 1954 na 1955, hakuna mahali panaposema kwamba yamechongoka; Tolkien aligusia umbo hilo katika maandishi yake ya lugha, na wachoraji pamoja na watu wa sinema wakalivumisha. Cha kuzingatia ni macho. Legolas, mmoja wao, akiwa katika nyanda za Rohan, aliwahesabu wapanda farasi 105 wakiwa umbali wa ligi tano, yaani zaidi ya kilomita 20, na akaona rangi ya nywele zao. Kwa hiyo unapokaribia kwao, jua wameshakuona tangu jana. Tengeneza nguo zako mapema na uache kujisemea peke yako njiani.

Halafu piga hodi. Hili nalisisitiza kwa sababu wageni wengi mashuhuri walilipuuza wakajuta. Thorin na Vibete wenzake, wakiwa na njaa katika msitu wa Mirkwood, waliona mioto na karamu ya Waelfi gizani wakakimbilia katikati yao bila kubisha. Taa zikazimika. Wakajaribu tena, zikazimika tena. Mara ya tatu Thorin alikamatwa, akaishia kwenye shimo la gereza la mfalme Thranduil, na wenzake wakamfuata baadaye. Huko Lothlórien, msitu mwingine wa Waelfi, mambo ni ya utulivu zaidi, ila mishale ni ile ile. Msafara wa Frodo, hobiti wa jamii ya watu wafupi, ulipoingia chini ya miti, walinzi walikuwa juu matawini wakiwasikiliza, na Sam, hobiti mwenzake, aliambiwa kwamba anapumua kwa kishindo kiasi kwamba wangeweza kumpiga mshale gizani bila kumwona.

Wakikwambia ufungwe kitambaa machoni, kubali, lakini kubalini wote. Haldir, mlinzi wa mpaka, alitaka Gimli peke yake afungwe kwa kuwa ni Kibete, na Gimli akashika shoka. Aragorn, binadamu aliyeongoza msafara, ndiye aliyeokoa siku kwa kusema kila mmoja wao afungwe, hata Legolas aliye Mwelfi. Legolas alilalamika, naye Gimli akaona sasa haki imetendeka. Ukisafiri na rafiki ambaye wenyeji wana kinyongo na kabila lake, kumbuka jibu la Aragorn. Ni adabu bora kuliko zote zilizomo katika kitabu kile.

Sasa, salamu. Sura haitakusaidia kujua nani mkubwa. Mwelfi Arwen alikuwa na miaka zaidi ya 2,700 Aragorn alipokutana naye Rivendell, makao ya Waelfi, na kijana yule wa miaka 20 alidhani anamwona msichana. Elrond baba yake alizaliwa mwisho wa Enzi ya Kwanza. Galadriel, mtawala wa Lothlórien, alizaliwa ng'ambo ya bahari kabla jua halijawahi kuchomoza. Ushauri wangu ni rahisi: wape wote shikamoo, hata anayekuletea maji ya kunawa, na hutakosea.

Ukitaka kuwafurahisha zaidi, jifunze maneno machache ya lugha yao, lakini chagua lugha kwa uangalifu. Ziko nyingi, na mbili ndizo kubwa. Kikwenya Tolkien alikijenga akivutiwa na sauti za Kifini, na Kisindarin akivutiwa na Kiwelshi. Alikuwa amezipenda lugha hizo tangu ujana. Kisindarin ndicho cha kila siku. Kikwenya ni cha heshima, cha nyimbo na kumbukumbu. Frodo alimsalimu Mwelfi Gildor kwa Kikwenya walipokutana njiani katika misitu ya Shire, nchi ya mahobiti, na Waelfi wale wakafurahi kumpata mgeni msomi. Lakini ungeizungumza lugha hiyo hiyo mbele ya mfalme Thingol wa Doriath, katika Enzi ya Kwanza, ungefukuzwa. Sababu yake lazima uijue kabla hujafungua mdomo mezani.

Waelfi wa ukoo wa Noldor, wakiongozwa na Fëanor, waliwaua ndugu zao Wateleri katika bandari ya Alqualondë ili wachukue meli zao. Walikuwa wakimfuata adui yao Melkor, aliyeiba vito vitatu vya Silmaril ambavyo Fëanor mwenyewe alivitengeneza na kufungia ndani yake nuru ya Miti Miwili ya Valinor, nchi yao ya ng'ambo ya bahari. Fëanor na wanawe saba waliapa kumwandama yeyote atakayevishika vito hivyo, awe adui au ndugu. Kiapo hicho kilizaa mauaji mengine mawili ya Waelfi kwa Waelfi, Doriath na kwenye midomo ya mto Sirion. Thingol alikuwa ndugu wa Olwë, mfalme wa wale waliouawa bandarini. Aliposikia habari ile akapiga marufuku lugha ya wauaji katika nchi yake yote. Soma kisa hiki polepole katika The Silmarillion, iliyotolewa mwaka 1977, miaka minne baada ya Tolkien kufariki. Ukimaliza utaacha kuwaona Waelfi kama malaika. Wana uwezo wa kukosa uliolingana na ukubwa wao.

Kwa hiyo mezani usiulize bei ya vito. Usisifu meli. Usimtaje Fëanor mpaka mwenyeji amtaje kwanza, na akimtaja, nyamaza usikilize. Na nywele za Galadriel usizitamani kwa sauti. Katika Unfinished Tales tunasoma kwamba Fëanor alimwomba nywele zake mara tatu, na mara tatu akamnyima hata unywele mmoja. Baada ya maelfu ya miaka akaja Gimli, Kibete, mtu wa kabila lisilopendwa kule msituni. Galadriel alipomuuliza, wakati wa kuagana, anataka zawadi gani, alisema hahitaji kitu; alipolazimishwa, akataja kwa aibu unywele mmoja tu. Akapewa mitatu. Anayefahamu historia hiyo ya kunyimwa hawezi kuisoma sura ile ya kuagana bila kifua kumbana, na kama unatafuta somo la namna ya kuomba kwa Waelfi, liko hapo: omba kidogo, omba kwa heshima, na uwe tayari kurudi mikono mitupu.

Chakula ni kizuri, ila chunga kipimo. Mkate wao wa safari, lembas, hufungwa ndani ya majani ya mti wa mallorn, na kipande kimoja humtosha mtu kwa mwendo wa siku nzima. Gimli alipopewa aliudhania mkate mgumu wa wasafiri wa kaskazini, akaonja, akaula wote kwa furaha, ndipo wenyeji wakamwambia amekwisha kula cha siku nzima. Kuuoka ni kazi ya wanawake peke yao, na kuugawa ni haki ya malkia. Ukipewa, umepewa heshima zaidi ya unga. Mapishi ya kawaida kwa Wanoldor ni kinyume chake: jikoni mara nyingi wako wanaume. Tolkien ameeleza habari za wapishi hawa katika maandishi juu ya sheria na desturi zao yaliyochapishwa katika Morgoth's Ring, mwaka 1993, chini ya uhariri wa mwanawe Christopher. Huko pia utakuta kwamba wanawake wa Kielfi ndio hasa matabibu, na kwamba kwa imani yao mtu anayeua, hata vitani, hupungukiwa na uwezo wa kuponya. Kwa divai ya Thranduil kuwa mwangalifu. Hutoka Dorwinion, na ililaza hata mtunza ghala wake pamoja na mkuu wa walinzi, ndiyo maana hobiti Bilbo akapata nafasi ya kuwatorosha Vibete ndani ya mapipa.

Ukija kwenye habari ya muda, hapo ndipo mgeni anapopotea kabisa. Waelfi wana mwaka kama wetu, lakini kipimo chao kikubwa ni yén, miaka 144 ya jua, kwa kuwa hupenda kuhesabu kwa kumi na mbili. Siku yao huanza jua likizama. Mwenyeji akikuambia suala lako litaangaliwa hivi karibuni, muulize kwa upole kama anamaanisha karibuni ya kwako au ya kwake. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Bilbo alikaa nyumbani kwa Elrond karibu miaka 20, akitunga mashairi na kusinzia, na hakuna aliyemwonyesha jembe.

Nyumba hiyo ya Rivendell ina ukumbi ambao moto wake hauzimwi mwaka mzima, na watu huingia humo kusikiliza nyimbo na hadithi. Ukialikwa kutoa shairi lako, toa, ila usitegemee watambue mkono wako. Bilbo aliimba utenzi mrefu juu ya Eärendil, baba yake Elrond, kisha akawataka wasikilizaji wakisie ni sehemu ipi iliyochangiwa na Aragorn. Mwelfi Lindir akamjibu kwamba kwao ni vigumu kuwatofautisha binadamu wawili, au hata binadamu na hobiti. Bilbo alishangaa, naye Lindir hakukusudia kumvunjia heshima. Kwa anayeishi milele, sisi tunapita haraka mno kuzoeleka. Na kuimba mbele ya Elrond habari za baba yake mzazi, aliyeondoka kwa meli mwanawe akiwa mtoto, ni ujasiri ambao hata Aragorn aliuona umezidi.

Kama umekwenda na nia ya kuposa, keti kwanza tuzungumze.

Mtoto wa Kielfi huwahi kusema, kutembea na kucheza ngoma kabla ya kutimiza mwaka, lakini mwili wake hukua taratibu. Binadamu wa rika lake anapofikia kimo cha mtu mzima, yeye bado anaonekana kama mtoto wa miaka saba. Utu uzima wa mwili huja kwenye miaka 50, wengine hadi 100, na wengi huoa au kuolewa punde baada ya hapo. Wachumba hupeana pete za fedha, na uchumba hudumu mwaka mmoja kwa uchache. Ukivunjika, pete hurudishwa na kuyeyushwa. Siku ya harusi zile za fedha hurejeshwa na kuhifadhiwa, zinakuja za dhahabu, nazo huvaliwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mama wa bibi harusi humpa bwana harusi kito chenye mkufu, na baba wa bwana harusi naye humpa bibi harusi kito. Ndiyo maana Galadriel, bibi yake Arwen mzaa mama, alipompa Aragorn jiwe la kijani wakati wa kuagana, wanaojua desturi walielewa. Celebrían, mama yake Arwen, alikuwa ameshavuka bahari, na bibi alisimama mahali pake.

Watoto huwa wachache; wanne ni wengi, na Fëanor mwenye saba hakupata mfano. Wakati wa vita hujizuia kuzaa, kwani wanataka baba na mama wawepo pamoja mtoto anapolelewa. Kinachosherehekewa kila mwaka ni siku ya kutungwa mimba, ambayo huwa karibu mwaka mzima kabla ya kuzaliwa, hivyo usichelewe na zawadi. Jina la kwanza hutolewa na baba, la pili na mama ambaye mara nyingi huona mbele, na mengine huja baadaye. Galadriel mwenyewe aliitwa Artanis na baba yake na Nerwen na mama yake. Jina tunalolijua alipewa na Celeborn, mumewe.

Ndoa za Waelfi na binadamu zilizokuwa mashuhuri ni tatu tu: Beren na Lúthien, Tuor na Idril, Aragorn na Arwen. Usijipe moyo upesi kwamba yako itakuwa ya nne. Elrond alimwambia Aragorn kwamba bintiye hataolewa na mtu aliye chini ya mfalme wa Gondor na Arnor pamoja, na ikachukua miongo na vita kubwa kulitimiza sharti hilo. Wengi humwona Elrond hapa kama mkwe mgumu anayepandisha mahari. Mimi namtetea. Arwen alipomchagua Aragorn alichagua pia kufa kama binadamu, na Elrond, ambaye pacha wake Elros alifanya uchaguzi ule ule na kufa, alijua maana ya kuagana bila kuonana tena hata nje ya dunia.

Na hili la kufa ndilo la msingi; mgeni asipolielewa ataondoka kama alivyokuja. Mwelfi haugui wala hazeeki, lakini anaweza kuuawa na upanga au na huzuni. Akifa, roho yake huenda kwenye kumbi za Mandos, na inaweza kurudishiwa mwili, kama ilivyokuwa kwa Glorfindel. Hata hivyo hawezi kutoka. Amefungwa na dunia mpaka dunia itakapokwisha, na baada ya hapo hata wao hawajui kuna nini. Binadamu hufa akaondoka kwenda pasipojulikana, na Waelfi wanaiita hiyo zawadi. Wewe utafika kwao ukitamani miaka yao. Mwenyeji wako atakutazama akiona mtu mwenye mlango ambao yeye hana. Míriel, mama wa Fëanor, alichoka baada ya kujifungua akakataa kuishi, katika nchi ile ile ya Valinor ambako hakuna aliyetarajia msiba. Kwa Waelfi, kila bonde wanalolipenda litabadilika mbele ya macho yao, na watalikumbuka lilivyokuwa, bila kusahau.

Ndipo utaelewa zile pete tatu za Waelfi alizozifua mhunzi wao Celebrimbor. Nguvu yake ilikuwa kuhifadhi, kuzuia uchakavu. Rivendell na Lothlórien zilikaa vile kwa sababu ya Vilya kidoleni kwa Elrond na Nenya kwa Galadriel, na ndiyo maana Sam, baada ya karibu mwezi mzima Lothlórien, aliutazama mwezi akashindwa kuhesabu siku walizokaa. Tolkien aliwapenda Waelfi wake, na bado katika barua zake aliutaja wazi udhaifu huu: walitaka kuisimamisha historia, kama watu wanaohifadhi maiti isioze. Mapenzi ya kweli husema ukweli namna hiyo. Kwenye kaburi lake katika makaburi ya Wolvercote, Oxford, chini ya jina la mkewe Edith limeandikwa Lúthien, na chini ya lake Beren. Edith alifariki mwaka 1971, mume mwaka 1973. Aliyejenga watu wasiozeeka hakujisahau kwamba yeye na mkewe ni wa upande wetu.

Usiwasumbue sana kwa kuomba ushauri. Gildor alisita hata kumpa Frodo, akiogopa kwamba shauri jema nalo linaweza kwenda mrama. Ukipewa kamba, ichukue, maana kamba yao ya hithlain ilimfungukia Sam yenyewe kutoka juu ya jabali. Ukipewa udongo kwenye kijisanduku, usiudharau. Sam aliutawanya Shire nzima, miti ikarudi, na mbegu moja aliyopewa pamoja nao ikaota mallorn pekee upande ule wa dunia.

Pete Kuu, iliyotawala pete nyingine, ilipoangamizwa, zile tatu nazo ziliishiwa nguvu, na wenyeji wako walianza kufunga mizigo. Elrond na Galadriel walipanda meli katika bandari ya Mithlond tarehe 29 Septemba mwaka 3021 wa Enzi ya Tatu. Ukichelewa utawakuta Elladan na Elrohir, wana wa Elrond, na Celeborn kwa muda, na Círdan mjenga meli, Mwelfi mwenye ndevu, akiwasubiri wa mwisho. Kwa hiyo panga safari yako ifike Rivendell kabla ya tarehe hiyo, na anza na The Hobbit ya mwaka 1937, kisha The Lord of the Rings pamoja na viambatisho vyake, ndipo uingie The Silmarillion. Majina yatakuchanganya mwanzoni. Endelea kusoma.